Misumari Myeusi ya Baba

Watu wakisikia nimefanya biashara ya ziwani zaidi ya nusu ya maisha yangu, hudhani nilizaliwa mchangani nikakuzwa kwa harufu ya dagaa. Thubutu! Mimi ni mtu wa juu. Nimezaliwa Msanzi, kwenye baridi ya kupasua midomo, nyumbani kwa mhunzi, na mpaka nakuwa msichana wa kuvunja ungo sikuwa nimeona maji mengi kuliko yale ya kwenye pipa la kupozea chuma. Ziwani nilipelekwa na misumari. Na hiyo misumari ndiyo ninayotaka kuisema hapa, maana nimekaa nayo kifuani miaka mingi na sasa nimechoka kuibeba.

Baba alifua chuma, kama baba yake. Wazee waliowatangulia waliyeyusha udongo mwekundu kwenye yale matanuru marefu ambayo mengine bado yamesimama porini huko kwetu, yameota nyasi kichwani, na wachunga mbuzi hujificha mvua ndani yake. Baba hakuyeyusha udongo. Yeye alipokea vyuma vilivyochoka: springi za malori, vipande vya nondo vilivyobaki kwenye majengo ya misheni, vyuma vya majembe ya kukokotwa na ng'ombe ambavyo Wasukuma waliohamia upande wetu walikuwa wamevilimia mpaka vikabaki kama visu. Vikiingia motoni vinatoka mundu, shoka, majembe ya mkono, na misumari ya kuundia maboti.

Hakuwa na mtoto wa kiume. Basi mivukuto ya kupulizia moto niliivuta mimi, tangu mikono yangu ina nguvu ya kuishika. Majirani walinong'ona kwamba mwanamke hatakiwi kusogelea moto wa mhunzi, na kwamba chuma kitagoma. Baba akawajibu kwamba chuma chake kimebatizwa, hakina shida na mtu. Ila sharti moja alilishika kuliko mengine yote: Jumapili moto hauwashwi. Hata aje mwenye shoka lililovunjika na mti umelalia paa lake, atangoja Jumatatu.

Ukitoka kwetu ukashuka ule mteremko mrefu, ambao magoti huanza kutetemeka kabla hujafika nusu, unatokea pale mto unapoingia Ziwa Tanganyika. Wenyeji walipaita Mlangoni tu. Jamani, palikuwa na uhai pale! Maji ya mto yaliingia ziwani na rangi yake ya chai ya maziwa, yakaenda mbali kidogo bila kuchanganyika na yale ya buluu. Upande mmoja wanawake wamemwaga dagaa mchangani na kuwageuza kwa mafagio. Upande wa pili masufuria ya mawese yanachemka chini ya michikichi, na mapipa ya sabuni, ile sabuni nzito ya rangi ya kahawia iliyokuwa inachuna mikono lakini inatoa uchafu hata wa mwaka jana. Katikati ndiyo palikuwa na banda la fundi wa maboti. Maboti ya Zambia na ya Kongo yalitia nanga pale pale mbele yake, na vitenge, chumvi na sukari vilishushwa na kubadilishwa kwa mahindi, maharage na ulezi wetu wa juu. Mara nyingi pesa hata haikuonekana. Debe la ulezi lilijua lenyewe thamani yake kwa samaki wa migebuka waliokaushwa.

Miaka ile ya shida, unapanga foleni ya sabuni na ukifika mbele unakuta kilichobaki ni foleni yenyewe, msumari wa dukani ulikuwa hadithi. Baba akawa mfalme. Fundi wa maboti hakutaka msumari mwingine wowote. Ulikuwa wa pembe nne, kichwa kipana, mweusi kwa sababu Baba aliuchovya kwenye mawese ungali moto ili usishike kutu. Siku ya kuchovya, nyumba nzima inanukia kama kuna sherehe, na mbwa wa kijiji wanakuja kukaa mlangoni wakingoja nyama ambayo haipo. Nikiisikia harufu ya mawese yanayoungua hata leo, nakuwa mtoto tena na machozi yananilengalenga. Sioni aibu kusema.

Sasa sikilizeni utaratibu wake, maana hapo ndipo penye jambo. Misumari ilisafiri ndani ya gunia dogo la katani. Baba alilishona mdomo mwenyewe na kulimalizia kwa fundo lake, na mimi nikalifunga kwenye baiskeli na kushuka nalo. Fundi akilipokea halifungui. Analiinua kwa mkono mmoja, analiweka kwenye kona ya banda, kisha anaketi na kukuuliza habari za mzee. Kufungua mzigo mbele ya aliyeuleta kulikuwa sawa na kumwambia usoni kwamba mwizi wewe. Lingefunguliwa siku ya kupigilia ubao wa kwanza. Vivyo hivyo Baba naye: kopo la mawese na mzigo wa dagaa nilivyopandisha navyo havikukaguliwa mbele yangu hata siku moja. Miaka yote hiyo, hakuna msumari uliopungua wala dagaa aliyeoza.

Halafu ikaja ruksa ya kila mtu kuuza na kununua apendavyo. Yaani ilikuja kama mvua ya kwanza, kila mtu yuko nje anacheka. Malori ya watu binafsi yakaanza kufuata mahindi hadi shambani, hakuna tena kungoja ghala la ushirika lifunguliwe. Mitumba ikapanda kutoka ziwani kwa marobota; nikanunua koti la kijani lililokuwa na vifungo vya dhahabu, nikalivaa hadi kuchota maji. Na Sumbawanga mjini madukani ikaonekana misumari. Misumari ndani ya maboksi, ya saizi zote, inang'aa kama vijiko vipya. Baba aliushika mmoja, akauzungusha kwenye vidole, akaurudisha kwenye boksi. Alisema ni mzuri. Tukapanda gari, tukarudi nyumbani.

Misimu miwili fundi wa maboti akatuagiza misumari kidogo kidogo. Msimu wa tatu hakuagiza kabisa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa nikarudi nyumbani. Ndoa ilinishinda, au mimi niliishinda, kila upande una maneno yake. Nilirudi na sanduku moja na mdomo wangu huu huu. Nilimkuta Baba anakaa kwenye kiwanda chake bila moto, amekunja mikono, macho yameanza kuingia ukungu. Anachonga mpini mmoja siku nzima. Roho iliniuma sana. Mama alikwisha kutangulia mbele ya haki, na ile nyundo ndiyo ilikuwa imebaki inamsemesha.

Ndipo salamu zikaja kutoka Mlangoni. Kuna mfanyabiashara anataka boti kubwa, la kuvusha mahindi hadi Zambia, na ameona misumari ya dukani ikichomoka kwenye mbao boti likiyumba. Anataka misumari ya zamani, ya mhunzi wa juu. Misumari mia sita, kabla mvua hazijaanza. Ikichelewa, basi, ataunda na ya dukani hivyo hivyo.

Baba alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Siku ile ile alisafisha mivukuto. Akaniambia, "Boti hili likisimama, mwanangu, kiwanda kitaishi, kila mwenye boti atataka kama hilo. Likinipita, nauza fuawe." Ile fuawe, chuma anachogongea kazi zake zote, aliachiwa na baba yake. Nilielewa kwamba hasemi chuma, anasema yeye mwenyewe.

Tukafanya kazi, na sijawahi kuwa na furaha kama ya wiki zile. Mimi kwenye mivukuto, yeye kwenye nyundo, ananichokoza kwamba navuta kama mtu anayekanda ngano ya harusi ya mwenzake, nami namjibu kwamba yeye anapiga kama anabisha hodi kwa mkwe. Tulicheka! Tulifika mia nne na themanini na kitu. Halafu, kwa sababu ya macho yale, nyundo ikatua kwenye dole gumba. Kucha iliondoka yote, mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko.

Siku mbili alishinda anaukanda mkono kwa maji ya chumvi. Siku ya tatu akanituma. "Mpelekee fundi salamu. Mwambie mkono umeumia, anipe wiki mbili tu. Yule ni mtu mzima, ataelewa."

Nikaitikia ndiyo. Sikupeleka.

Nitajitetea nini? Nilikuwa na kichwa kigumu na haraka. Niliwaza yule mwenye boti hataelewa, wafanyabiashara wa siku hizi hawamngoji mzee dole gumba lake lipone. Nikaiona fuawe inapakiwa kwenye lori la vyuma chakavu. Nikaliuza koti langu la vifungo vya dhahabu, nikapanda gari la asubuhi hadi Sumbawanga, nikarudi na misumari ya dukani mia na ishirini, ya inchi sita, nimeifunga ndani ya khanga kama mtoto wa wizi.

Nikangoja Jumapili. Ilikuwa sikukuu ya parokia, misa ndefu, kisha ngoma na chakula mpaka jioni. Nikasema kichwa kinaniuma. Baba akaenda, mkono umening'inia kwenye kitambaa. Alipopotea tu, nikawasha moto. Jumapili! Nilivunja njiti mbili za kiberiti, ya tatu ikashika.

Nilijua kazi ile, au nilidhani. Nilikuwa nimetazama kila msumari wa Baba ukiingia motoni na kutoka mweusi, mgumu, wa kuaminika. Kwa hiyo nikaamini ni moto unaoutia nguvu. Nikaiweka ya dukani kwenye makaa mpaka ikawa myekundu, nikaigonga pande nne ili iache uduara, nikaifukia kwenye majivu ipoe polepole ishike weusi, kisha nikaipasha tena kidogo na kuichovya kwenye mawese. Loo, ilipendeza! Niliushika mmoja wangu na mmoja wake, nikaona hakuna wa kutofautisha. Nilijiona nimeula. Nikaitia ya kwangu chini ya gunia, ya Baba juu. Jioni nikamwambia Baba kwamba fundi amesema hakuna haja ya kungoja, apelekewe iliyopo, inamtosha. Baba akanitazama kwa yale macho yake yenye ukungu. Akalishona gunia kwa mkono mmoja, na kwa fundo lake.

Mlangoni fundi alilinyanyua gunia, akaliweka kwenye kona, akauliza habari za mzee. Nikamwambia hajambo. Akaniletea ugali na mgebuka mkubwa, nikala vizuri tu. Hiyo ndiyo inayonitia aibu kuliko yote, kwamba chakula kilipita.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja mchana nikamwona mtu anakuja kwenye njia yetu, amevaa mashati mawili moja juu ya jingine na anatetemeka. Alikuwa fundi wa maboti. Maisha yake yote hakuwahi kupanda huku juu, alikuwa akisema baridi yetu ni ya kuhifadhia maiti. Nilipomwona, nikashika ufagio, nikafagia uwanja uliokuwa safi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti mhunzi. Mzee yupo?"

Nikamwekea kigoda karibu na Baba, nikamletea togwa. Walisalimiana taratibu: mvua, watoto, samaki, mguu wa kushoto unaomsumbua fundi. Hakuna aliyeharakisha. Kisha fundi akatoa leso mfukoni, akaifungua juu ya goti lake. Misumari mitano, imepinda kama mikia ya nguruwe.

"Mzee wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta msiba, "nimepigilia misumari yako tangu nina ndevu nyeusi. Haujawahi kukunjika hata mmoja. Ubao wa chini uliingia vizuri, wa pili vizuri. Tukafika chini ya gunia. Pigo la kwanza, umelala. Wa pili, umelala. Mwenye boti amesimama pale anaona. Sikutaka kukutumia salamu kwa jambo hili. Nimekuja mwenyewe."

Baba alinyoosha mkono, nikainama nikaichukua leso ile, nikampa. Sijui kwa nini nilimpa mimi. Aliupokea msumari mmoja, akaupitisha kwenye vidole vya mkono mzima, kuanzia ncha hadi kichwani. Macho yalikuwa yamechoka, lakini vidole vile havijawahi kumdanganya. Vidole viliposimama pale kichwani nikajua amejua. Kile kichwa chembamba cha duara sikuwa nimekigonga vya kutosha. Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mdomo huu uliogombana na mume, wakwe na mapadri, ulikauka.

"Ni yangu," alisema Baba.

Fundi akamtazama. Kisha akanitazama mimi.

"Ni yangu," akarudia, safari hii kwa nguvu. "Mkono umezeeka, ndugu yangu. Nilipoumia dole sikutaka kukubali, nikalazimisha kazi mbovu. Niombee radhi kwa mwenye boti. Mwambie amalizie na ya dukani, ni mizuri, nimeishika. Misumari mingine sitafua."

"Mzee..."

"Sitafua. Ila huyu binti hana kosa. Yeye kazi yake ni kubeba, anachokabidhiwa anakifikisha. Misumari imekwisha, lakini huku kuna mahindi na huko kuna dagaa. Mkimpa mzigo utafika. Hilo nakuomba kwa miaka yetu yote."

Fundi alimaliza togwa yake polepole. Kikombe akakiweka chini kwa uangalifu. Mwishoni akasema, "Sawa mzee. Nimesikia." Akaifunga leso, na misumari ndani yake, akaondoka nayo.

Nilipomsindikiza na kurudi, nilipiga magoti palepale kwenye vumbi la kiwanda. Nililia kama mtoto. Baba hakuniacha niseme. Alikuwa anafungua ngozi ya mivukuto kwa mkono mmoja, mshono mmoja baada ya mwingine.

"Jumapili ile," alisema, "tuko kwenye ngoma baada ya misa, nikasikia mawese yanaungua. Upepo ulikuwa unatoka huku. Nikajiambia labda pua nayo imezeeka."

"Baba, nisamehe."

"Chuma cha dukani kimekwisha kupata nguvu zake kiwandani kwao. Ukikirudisha motoni na kukilaza kwenye majivu, unakinyang'anya nguvu hizo. Kingebaki kama ulivyokinunua, kingeshika angalau." Akavuta mshono mwingine. "Ningekufundisha, kama ungeniuliza."

Hakulisema tena jambo lile, siku ile wala nyingine. Fuawe iliuzwa. Baba aliishi miaka sita zaidi, akichonga mipini, na watu wakipita walimwonea huruma kwamba mzee wa watu alijiharibia mwishoni. Nilisikia wakisema hivyo kisimani, nami nikajitwika ndoo yangu na kuondoka. Mungu anajua ni mara ngapi nilitaka kuitupa ile ndoo na kupiga kelele kwamba ni mimi. Sikupiga. Nilikuwa nakula kwa jina jema alilonilindia.

Maana fundi alitimiza aliloombwa na Baba. Nilianza na gunia moja la dagaa, nikawapitisha nyumba kwa nyumba huko kwetu juu, Malangali na Mollo, nikashuka na mahindi, nikapanda na sabuni. Wale wa malori walishindilia magunia ya lumbesa, yanayopita kipimo, na kuficha mahindi yaliyooza chini, na watu wa Mlangoni wakajifunza kufungua kila gunia na kuingiza mkono mpaka kwapani. La kwangu hawakutaka kulifungua. "Hilo ni la binti mhunzi," walisema, "liweke kwenye kona." Nikanunua baiskeli ya pili, nikajenga nyumba ya matofali, nikasomesha. Banda la maboti halipo tena, siku hizi kuna mashine ya kusaga pale. Fundi mwenyewe tulimzika kabla ya lami kufika. Kama alijua, aliondoka nalo.

Mwezi uliopita nilishuka. Siku hizi nashuka kwa gari, magoti hayataki. Aliyepokea mzigo ni mama mmoja kijana, mjukuu wa fundi. Alilinyanyua gunia langu la maharage, akageuka kulipeleka kwenye kona bila kulitazama.

"Fungua," nikamwambia.

Akacheka. "Ah, bibi, la kwako tena?"

Kila mara wananicheka hivyo. Tangu siku Baba alipofumua mivukuto, sijakabidhi mzigo bila kuufungua mwenyewe mbele ya watu, na wote hudhani ni maringo ya uzee. Nikamshika mkono yule binti, nikakata uzi, nikayamwaga maharage yangu yote kwenye turubai pale mchangani, na wateja wananisubiri.

"Angalia vizuri, mwanangu," nikamwambia. "Ya chini kabisa."